Alama Ambayo Haikuwemo Kwenye Filamu

Kila Jumamosi, nikishamaliza kufua sare zangu, mama alinituma bombani na ndoo. Njia ya bombani hapa Kwamsisi inapita mbele ya banda la video la kaka Sufiani, na mama alikuwa amenikataza kusimama pale hata dakika moja. Nilisimama kila wiki. Ndoo inachosha, nilijiambia, na mtu lazima apumzike mahali.

Sufiani alikuwa na mtindo wake. Filamu ikiisha, alisimama mlangoni na chaki, akawauliza watazamaji wameionaje. Maneno yaliyomfurahisha aliyaandika kwenye ubao wa nje, chini ya kichwa MAONI YA WATAZAMAJI, na mwenye maneno hayo alikaa benchi la mbele wiki nzima. Wapita njia walisoma, wakaingiwa na hamu. Mimi sikuwa nimeingia ndani hata siku moja, lakini ule ubao niliutamani mno.

Jumamosi hiyo ilionyeshwa filamu ya kutisha, ya watoto wa kijiji kimoja wanaowaua watu wazima. Bango lake lilikuwa ukutani: msichana anatabasamu, kisu mkononi. Nilipotua ndoo nikasikia mayowe ndani, na sauti ya mtafsiri ikisema, "Maskini mama huyu, hajui kinachomjia!"

Watu wakatoka. Mzee Twaha, fundi wa baiskeli, akasema filamu kama ile inawafundisha watoto ukaidi. Mdoe, ambaye tunasoma naye darasa la sita, akasema yeye hakuogopa hata kidogo, ingawa macho yalikuwa yamemtoka. "Kinachotisha," akasema, "ni kwamba huwezi kuwatambua. Wanafanana na watoto wa kawaida tu."

Hapo nikashindwa kujizuia. Nililitazama bango, nikaona kiduara chekundu kwenye shavu la yule msichana. "Wanatambulika sana," nikasema. "Ina maana hamkuona? Wote wana alama ya mviringo shavuni!"

Nilidhani wataniumbua, kwa sababu wao walikuwa ndani na mimi nilikuwa nje na ndoo yangu. Kumbe wapi! Mdoe akapiga makofi. "Kweli aisee, hata mimi niliiona!" Mwingine akadai aliiona tangu mwanzo. Sufiani akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: WATOTO WAUAJI WANA ALAMA SHAVUNI. Nilirudi nyumbani sisikii uzito wa maji.

Jumatatu niliingia darasani nikiwa bado najisikia. Mwenzangu wa dawati aliitwa Naserian. Familia yake ni wafugaji, wanaishi mbugani, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Alikuwa na alama mbili ndogo za mviringo, moja kila shavu, kama Wamasai wengi wa huku kwetu. Nilikuwa nimekaa naye miaka miwili, nikazizoea hata nikawa sizioni tena. Naapa, siku ile mbele ya banda sikumfikiria. Mdoe ndiye aliyemtazama, akanitazama mimi, kisha akachukua daftari zake na kuhamia nyuma.

Kufika Jumatano hakuna aliyetaka kuchota maji katika mtungi aliochota Naserian. Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wakimwona wanakimbia huku wanalia. Mama yake, Simaloi, hupitisha maziwa nyumba kwa nyumba kila asubuhi. Bibi Fatu, jirani yetu, alimfungia mlango. Hata mama yangu aliyapokea kwa tabasamu, kisha akayamwaga nyuma ya choo. "Sisemi ni kweli," aliniambia, "lakini watu wanasema." Sikuthubutu kumwambia maneno hayo yalianzia wapi.

Nilimfuata Mdoe. "Hakuna alama yoyote," nikamwambia. "Mimi filamu sikuiona. Nilisema tu."

"Kina Naserian wamekutisha, eeh?" akaninong'oneza. "Usiogope, Hafsa. Wote tuliiona."

Nikaenda kwa wengine wanne, na kila mmoja akaniambia hivyo hivyo. Kadiri nilivyokana, ndivyo walivyozidi kuamini. Maneno yalikuwa yangu nilipokuwa nayo mdomoni, lakini sasa yalitembea yenyewe na mimi nilibaki nikiyatazama. Nililia chooni ili mtu asinione.

Jioni ile Naserian akaniambia, bila kunitazama, "Baba amesema Ijumaa ndiyo siku yangu ya mwisho shuleni. Hawezi kumwacha mwanawe mahali anapoitwa muuaji. Nitakwenda kuchunga kwa mjomba."

Alhamisi niligonga ofisini kwa mwalimu wetu, mwalimu Habakuki.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Hafsa. Mbona umevimba macho?"

Nikamweleza yote, hata ya ndoo. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alinyanyuka akasema, "Twende ukanionyeshe hiyo alama."

Bango lilikuwa bado ukutani. Mwalimu alikikwangua kile kiduara kwa ukucha, akanusa kidole. "Hii ni kutu," akasema. Akautazama msumari uliokuwa pembeni mwa bango. Sufiani akipigilia karatasi huweka kizibo cha soda chini ya kichwa cha msumari ili isichanike. Mwalimu aliuchomoa ule msumari, akaondoa kizibo. Chini yake palikuwa na kiduara chekundu, sawasawa na kile cha shavuni.

Sufiani akajikuna kichwa. "Ule wa katikati, wa hapo shavuni, niliung'oa Jumamosi asubuhi, nikatengenezea benchi. Mvua ya wiki iliyopita ndiyo iliyotia kutu."

"Na filamu wewe uliitazama?"

"Mara tatu, mwalimu. Alama hakuna. Lakini maneno yenyewe yalikuwa matamu, na watu wakajaa." Akainamisha uso, akaufuta ubao kwa kiganja.

Ijumaa asubuhi, mwalimu Habakuki aliwaita wazazi mstarini. Simaloi alikuja, na mumewe Lengai akasimama mbali kidogo, ameegemea fimbo yake. Mwalimu aliinua lile bango na kizibo chake, halafu akanisukuma mbele taratibu. Nilisema sikuingia bandani, sikuona filamu, na alama niliitunga ili niandikwe ubaoni. Mama alikuwa mstari wa pili. Sikuweza kumtazama.

Simaloi naye akaomba kusema. "Hizi alama nilimtia mimi, akiwa mtoto mdogo," akasema. "Ni desturi yetu. Wazee wetu wanaamini zinayalinda macho yasiugue kwa sababu ya nzi. Nilitaka mwanangu aone vizuri. Sasa ninyi mmemwogopa kwa sababu hiyo."

Mama yangu akatoka mstarini, akamwendea na kumshika mkono. "Kesho lete maziwa, mama Naserian. Nitayanywa mbele yako." Mdoe akasema kwa sauti ndogo kwamba na yeye hakuiona ile alama. Lengai alimtazama binti yake kwa muda mrefu, kisha akageuka kurudi mbugani peke yake. Naserian akabaki. Bibi Fatu, lakini, mpaka leo mlango wake haufungui.

Mwalimu alitugeukia sote. "Hafsa amekosea kusema asichokijua," akasema. "Lakini ninyi mlikuwa ndani, mna macho, na bado mkasema mmeona. Ukiulizwa maoni, sema ulichokiona. Kama hukuona, sema sikuona, uende zako bombani. Hafsa ameungama, na bado wapo watakaofunga milango. Ndivyo uongo ulivyo, watoto wangu. Ukishautoa, huna nguvu ya kuurudisha wote."

Tuliporudi darasani, Naserian aliketi palepale pake. Nikamwomba radhi, akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Mimi nilikuwepo siku ile. Nilikwenda na kaka yangu. Nilikuwa nimesimama nyuma yako uliposema."

Nilishtuka. "Mbona hukunikatalia?"

"Ningekukatalia vipi? Mle ndani niliogopa, nikajifunika shuka usoni tangu mwanzo mpaka mwisho, hata tulipotoka nje. Sikuona chochote." Akaligusa shavu lake. "Nilifikiri unasema kweli. Nilifika nyumbani nikajitazama kwenye kioo cha pikipiki ya kaka, nikajiuliza kama nitakuja kumuua mama."