Pipa la Maji na Sura ya Mwisho

Kila asubuhi Hafidha alitoka nyumbani kwao Daraja Mbili akiwa na mkoba mgongoni, na siku ya zamu yake, dumu la maji mkononi. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza kidato cha kwanza. Bomba la shule lilikuwa limekauka, kwa hiyo wanafunzi walipeana zamu ya kujaza pipa la chooni kabla ya kengele. Zamu hiyo hakuipenda hata kidogo, maana Hafidha alikuwa mtu wa kinyaa. Akiona unywele kwenye chai, chai hainyweki tena. Akishika mlango wenye mafuta, atanawa mpaka mama yake amuulize kama anataka kubandua ngozi.

Alichokipenda ni vitabu. Shule ya msingi hakuwahi kuona kabati la vitabu, na hapa lilikuwapo moja, ofisini kwa Mwalimu Ruth wa Kiswahili. Hafidha aliazima, akasoma, kisha akaandika mawazo yake kwenye blogu. Siku zile blogu ndizo zilikuwa habari ya mjini, na mjomba wake Uwesu, mwenye duka la intaneti karibu na stendi, alimwachia kompyuta moja asubuhi kabla wateja hawajaja. Wasomaji wake walikuwa wachache, ila wote walisubiri mwisho wa riwaya aliyoiazima kwa mwalimu na kuwasimulia kidogo kidogo: habari za msichana anayemtafuta kaka yake aliyepotelea msituni.

Jumatatu moja alinogewa na kuandika. Alifika shuleni kengele imeshalia, anahema, mkoba mgongoni, mikono mitupu. Saa ya mapumziko alitoa ile riwaya dawatini, alimoiacha tangu Ijumaa, ili aimalize. Sura ya mwisho haikuwamo. Ilikuwa imenyofolewa.

Sura yenyewe aliikuta chooni, na jamani, alichokiona huko hakisemeki mezani. Kurasa zimefinyangwa na kutupwa pembeni ya shimo, zimepakwa kile usichotaka kutajiwa, na nzi wa kijani wamejaa juu yake. Kwenye ukurasa mmoja jina la yule msichana wa riwaya lilisomeka vizuri kabisa. Hafidha alitoka nje akatapika uji wote wa asubuhi.

Mwalimu Ruth alipoambiwa hakupiga kelele. Alilifunga kabati, akatia funguo mfukoni.

"Litafunguka siku aliyefanya hivi atakaposimama mwenyewe," aliliambia darasa. "Asiposimama, hakuna wa kuazima."

Usiku ule Hafidha hakula vizuri. Alikuwa amelisubiri kabati lile miaka yote ya shule ya msingi, na sasa mtu mmoja mchafu amemfungia. Kulipokucha alikimbilia kwa mjomba, akaandika kwa hasira. Aliandika kwamba darasani kwao yumo mnyama mchafu kuliko nzi wenyewe, na kwamba akimjua hatakubali kukaa naye dawati moja.

Mjomba Uwesu alisoma akiwa nyuma yake. "Umemwona huyo mtu?"

"Sijamwona, mjomba. Uchafu wake ndio nimeuona."

"Haya," alisema mjomba, kwa sauti ya mtu asiyekubali.

Hafidha aliyachapisha maneno yale kwenye karatasi, akaibandika ukutani darasani. Dismasi, ambaye hakosekani penye utani, aliisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio, na darasa zima likacheka. Agnela peke yake hakucheka. Alikuwa mpole, akikaa dawati moja na Hafidha. Aliubeba mkoba wake, akaenda kukaa dawati la nyuma kabisa.

"Mbona unahama?" Hafidha alimwuliza.

"Si umesema hutaki kukaa na mimi," Agnela alijibu.

Kicheko kikakatika. Mwalimu Ruth alikuwa amesimama mlangoni. Agnela aliinuka, macho chini.

"Ni mimi, mwalimu. Jana asubuhi kabla ya kengele tumbo lilinikamata ghafla. Nikakuta pipa halina hata tone. Nilirudi mbio darasani, nikararua cha kwanza nilichokigusa. Niliona aibu kusema. Naomba radhi."

Mwalimu akauliza, "Jana zamu ya maji ilikuwa ya nani?"

Akilini Hafidha aliliona dumu lake la njano palepale alipolitua jana, chini ya meza ya kompyuta dukani kwa mjomba. Kinyaa kikampanda tena, ila safari hii hakikuwa cha choo wala cha Agnela. Alijichukia mwenyewe. Angeweza kunyamaza, kwani wenzake walikuwa wamesahau. Alisimama.

"Ilikuwa yangu, mwalimu. Sikuleta maji. Nilikuwa naandika blogu."

Alikwenda ukutani akaibandua karatasi yake mbele ya wote. Mchana aliomba ufagio, akasugua choo kile, pua ameifunga kwa kanga. Agnela alikuja akamsaidia kumwaga maji. Kesho yake blogu ilikuwa na maneno mengine: kwamba pipa lilikuwa kavu kwa sababu yake, na kwamba aliyemwita mnyama ni rafiki yake.

Mwalimu Ruth alifungua kabati. Aliazima nakala nyingine ya riwaya ile maktaba ya mkoa, akawaagiza wote wawili wainakili sura iliyopotea. Kwa kuwa nakala ilikuwa moja, ilibidi Agnela arudi dawati lake la zamani. Yeye alisoma, Hafidha akaandika, na hivyo ndivyo walivyojua kwamba yule kaka alirudi nyumbani. Walizishona kurasa zao kitabuni kwa uzi mweusi.

"Kuona kinyaa si kosa, Hafidha," Mwalimu Ruth alisema alipokipokea. "Uchafu unaleta maradhi, na anayeuchukia ana akili. Agnela alirarua kitabu, na amelikubali kosa lake. Lakini wewe ukiona uchafu, kabla hujatafuta wa kumtukana, tazama kwanza kazi uliyoiacha."

"Nimeelewa, mwalimu."

"Haya. Kesho zamu ya maji ni ya nani?"

Ilikuwa ya Dismasi. "Yangu," Hafidha alijibu.