Kisu cha Mkono wa Kushoto

Bonaria Sechi alipewa kisu bure, na papo hapo akajua ameachwa.

Hapa mjini Sassari hakuna anayehitaji kuelezwa zaidi. Kisu hakipokelewi bure. Anayepewa hutoa sarafu, hata ile ya senti tano ambayo mtu haiinamii barabarani, ili makali yakate mkate na yasikate mapenzi. Bonaria alitoa sarafu yake. Lussorio Canu, mfua visu, akausukuma mkono wake pembeni.

"Weka sarafu yako," alisema. "Hiki si chako."

Walikuwa wamekutana sokoni mwezi wa tano, Jumamosi, saa ambayo watu wanapigana vikumbo. Muuza konokono alibakiwa na mfuko mmoja, na mikono miwili ikaushika kwa pamoja.

"Niachie, kaka. Nina mgonjwa nyumbani."

"Mgonjwa gani anakula konokono?"

"Mwenye akili kuliko wewe."

Mama muuzaji akacheka mpaka kifua kikatikisika. "Gawaneni au oaneni, mradi mnipishe niuze!"

Lussorio alitoa kisu cha kukunja mfukoni akakata kamba ya mfuko. Bapa lake lilikuwa jembamba kama jani la mihadasi, na lilipita kwenye kamba kana kwamba hapakuwa na kamba. Bonaria alikitazama kisu, kisha akamtazama mwenye kisu: koti limepauka, vidole vimeungua ncha, macho ya mtu asiyelala vizuri.

"Unanuka pembe iliyoungua," alimwambia.

"Na wewe unanuka dizeli."

Kweli. Alikuwa na shati la buluu la madereva, mikono imekunjwa mpaka viwikoni, nywele zimefungwa kitambaa chekundu. "Naendesha basi namba nane. Ukipanda bila tiketi nakushusha."

"Na nikiwa na tiketi?"

"Utashuka mwenyewe. Hakuna abiria aliyenivumilia mpaka mwisho."

Alisema kwa mzaha, lakini Lussorio aliibeba kauli ile mpaka nyumbani.

Mgonjwa alikuwa babu yake, Austinu Sechi, mchungaji wa kondoo aliyemlea tangu akiwa mdogo. Kiharusi kilikuwa kimeupoozesha mkono wake wa kulia. Kisu chake cha zamani kilifunguliwa kwa ukucha wa gumba la kulia, na mkono wa kushoto haukukiweza. Na mzee hakukubali kukatiwa mkate. Kwake, mwanamume anayekatiwa mkate amerudi utotoni. Aliung'ata kwa meno akigeukia ukutani, na siku nyingine aliuacha.

"Nataka kisu cha mkono wa kushoto," Bonaria alimwambia Lussorio karakanani.

"Niletee mkono wake."

"Niukate?"

"Unga, wewe! Kanda unga, mpe donge alishike kama anavyoshika kisu. Halafu niletee donge."

Mzee hakudanganyika. Alilikamata donge kwa mkono wa kushoto, akalibana, akauliza, "Kinakuja lini?"

"Kitakuja, babu."

Donge lilipelekwa karakanani kwenye sahani, limefunikwa kitambaa, na mapenzi yakafuata njia hiyohiyo. Kila akimaliza zamu, Bonaria alikaa juu ya fuawe kuukuu, miguu ikining'inia, akimtazama Lussorio akipiga tupa. Siku ambazo hawakuonana simu haikupoa.

"Uko wapi, roho yangu?"

"Kituo cha mwisho, nakula pichi. Wewe je?"

"Nasugua pembe ya kondoo."

"Kondoo ana bahati."

"Amekufa, Bonaria."

"Hata hivyo."

Mwezi wa nane bapa lilipasuka. Lussorio alilizamisha kwenye mafuta likiwa jekundu, likalia mlio mdogo, na ufa ukatambaa kutoka mgongoni mpaka kwenye makali. Mwingine angepiga simu akasema, "Mpenzi, nimeharibu." Lakini sisi watu wa Pattada, kijiji cha wafua visu alikotoka Lussorio, kazi ikitushinda, tunanyamaza kama tumeiba. Aliitumbukiza simu ndani ya gunia la pembe, akaanza upya. Bonaria alipiga. Simu ililia ndani ya gunia, hakuna aliyeijibu. Siku zikapita, naye akaacha kupiga, ila hakuacha kuishika simu mkononi.

Kisu kilikwisha mwezi wa kumi. Kilikuwa kizuri, na mimi si mtu wa kusifu ovyo. Mpini wa pembe, rangi ya maziwa na moshi, una vibonyeo pale vidole vya mzee vilipobonyeza unga. Alama ya kutia ukucha imechongwa upande wa pili wa bapa, na springi ni laini, gumba dhaifu linaiweza. Hapo ndipo Bonaria alipotoa sarafu, na hapo ndipo ilipokataliwa.

Ukimya wote ule, kisha hivi. Alienda nyumbani akakiweka kisu kwenye droo ya soksi. Kisu kisicholipiwa kimekwisha kukata mara moja. Angekitiaje mfukoni mwa mtu pekee aliyebaki naye?

"Kimefika?" mzee aliuliza.

"Bado, babu."

Sasa sikia upande wa pili. Kwa akina Sechi, mkono unaopokea kisu ndio unaotoa sarafu. Kwa akina Canu, sarafu hutoka kwenye mfuko ambamo kisu kitalala. Kwa Lussorio, Bonaria alikuwa mbebaji tu, na deni lilikuwa la mzee. Tena alikataa malipo yote kwa sababu mtu hamtozi babu wa mchumba. Alijiapia: mzee akituma sarafu, amenikubali, navaa shati safi naenda kumwomba mjukuu wake. Kabla ya hapo kusema ni utovu wa adabu.

Sarafu haikuja. Akajua amekataliwa.

Novemba alipanda basi namba nane, akiwa na tiketi. Alikaa nyuma kabisa. Bonaria alimwona kwenye kioo, na kila kituo macho yao yalikutana humo yakakimbiana. Watu walishuka mmoja mmoja. Kituo cha mwisho akasogea mbele.

"Babu hajambo?"

"Hajambo."

"Hana ujumbe wowote?"

"Ujumbe gani?"

Lussorio alivaa kofia. "Basi, nifungulie mlango."

Bonaria alifungua. Alibaki ameshika usukani wa basi lililozimwa mpaka dereva wa zamu iliyofuata alipogonga kioo.

Wiki hiyohiyo mzee Austinu hakuung'ata mkate wake. Aliusukuma upande wa Bonaria, akatazama dirishani. Bonaria akaukata.

Mzee alifariki mwezi wa pili. Majirani walileta kahawa na sukari, wanawake wakajaa sebuleni. Lussorio alikuja na koti jeusi la kuazima, akatoa pole kwa wote, kisha akamfuata Bonaria jikoni.

"Niambie kitu kimoja tu. Kisu kilimfaa?"

"Hakukiona."

"Hakukiona vipi?"

"Ulikataa sarafu yangu, Lussorio! Unaninyamazia, halafu unanipa kisu bure. Ulitaka nielewe nini?"

"Sarafu ilikuwa ya kwake! Nilikuwa naingoja. Nilisema akiituma, nakuja kukuomba."

"Kwa nini hukusema?"

"Hayo husemwa baada ya sarafu."

"Mjinga wewe."

"Mjinga mimi."

Bonaria aliingia chumbani. Suruali ya mzee ilikuwa bado nyuma ya mlango. Alitia mkono mfuko wa kushoto, ule mmoja mzee aliouweza, akitafuta chochote. Akatoa leso. Pembeni imefungwa fundo, fundo baya la mkono mmoja na meno. Ndani yake, senti tano. Mzee aliiweka tayari, akawa anangoja kisu.

Bonaria alirudi jikoni akaiweka kiganjani mwa Lussorio, akakifunga kwa vidole vyake.

"Kutoka mfukoni mwake," alisema. "Haya, omba."

"Nimwombe nani?"

"Mimi. Amebaki nani mwingine?"

Akaomba. Akakubaliwa. Sebuleni walisikia kilio kikizidi wakadhani ni cha marehemu, na kwa sehemu kubwa kilikuwa chake.

Walioana Septemba. Kisu kiko mezani pao, na kwa kuwa wote ni wa mkono wa kulia, hukata vibaya. Hakuna anayekibadilisha.

Gharama yake basi ni hii. Bapa moja lililopasuka. Senti tano, zimelipwa. Vuli moja na baridi moja ya watu wawili kutazamana kwenye kioo cha basi. Na mkate wote aliokula Austinu Sechi tangu Novemba mpaka mwisho wake, umekatwa na mjukuu, vipande vidogo vidogo, kama vya mtoto.