Nguzo za Kazungu na Maganda ya Korosho

Kila asubuhi Kahonzi aliketi uani kwake, Kakuyuni, akipasua korosho. Viini aliviuza. Maganda aliyatupa nyuma ya choo. Mafuta ya maganda yalimbabua vidole.

Siku moja, mwaka 1984, mumewe Kazungu aliegemea nguzo ya nyumba. Nguzo ikavunjika, ukuta ukainama.

"Mchwa tena!" alisema Kazungu. "Nguzo hizi hazijamaliza hata miaka miwili!"

Mama yake Kazungu alifunga nguo zake. "Naenda kwa binti yangu. Chini ya ukuta huo silali."

Wiki hiyo alipiga hodi mgeni mwenye magunia matupu. Alikuwa Wanjira, profesa wa kemia kutoka chuo kikuu, Nairobi.

"Shikamoo mama. Naomba maganda yako ya korosho."

"Marahaba. Maganda?" Kahonzi alicheka. "Huko Nairobi mwala maganda?"

Wanjira naye akacheka. "Nataka mafuta yake. Yana chembe ndogo mno. Nikiyapika na dawa, chembe hizo hushikana mikono, zikawa minyororo mirefu. Minyororo nayo hushikana kama wavu. Kitu cha namna hiyo huitwa polima."

"Kama plastiki ya ndoo?" aliuliza Kazungu.

"Ndiyo, hiyo ni polima pia. Yangu hupakwa kwenye mti, ikakauka, ikawa ngumu. Nadhani mchwa hawataitafuna. Lakini bado najaribu."

"Mchwa wa Kakuyuni hawajui profesa ni nani," alisema Kazungu.

"Basi tuwaulize wenyewe!"

Wanjira akaondoka na magunia ya maganda, akarudi mwezi uliofuata na kopo la rangi nyeusi aliyoipika kwa mafuta yake. Alivaa glavu, akapaka nguzo moja. Nyingine hakuipaka. Kazungu akazichimbia zote mbili karibu na kichuguu.

"Msipike mafuta haya nyumbani," Wanjira aliwaonya. "Moshi wake ni mbaya. Na wewe mama, paka mafuta ya nazi mikononi kabla ya kupasua korosho."

Miezi minane ilipita. Nyumba ilisimama kwa magongo tu. Kisha Wanjira akaja, nao wakachimbua.

Nguzo isiyopakwa ilivunjika mkononi kama biskuti. Kazungu akaigonga ile nyeusi kwa panga. Ko! Ko! Akaigonga tena, kwa nguvu zaidi.

"Nzima!" alipiga kelele. "Nzima kabisa!"

Kahonzi akapiga kigelegele. Vidole vyake havikuwa na malengelenge tena. Akamshika profesa mkono, wakacheza pale pale penye udongo, mpaka majirani wakaja kuuliza kuna harusi gani.

Kabla ya masika nyumba mpya ilisimama. Nguzo zote zilipakwa dawa ya Wanjira, na Kazungu alivaa glavu alipozipaka.

Mama yake akaja kukagua. Aligonga nguzo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alizigonga zote kumi na mbili.

"Haya," alisema. "Kitanda changu kiwekeni hapa, karibu na dirisha."

Usiku huo alilala fofofo, mvua ikinyesha.