Samaki Kwenye Pembe ya Shuka

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma mabati ya mtaa wa Bwiza, Joëlla alichambua maharagwe. Aliyamwaga kwenye ungo, akatupa vijiwe na punje zilizooza, kisha akayapeleka jikoni kwa mama yake mdogo, Odette. Maharagwe yakishawekwa motoni, Odette alitoka kwenda kuuza vocha za simu barabarani. Hapo Joëlla alikaa mlangoni na sindano yake na nyuzi za rangi, akaanza kudarizi.

Kudarizi alifundishwa na mama yake mzazi, Pascaline. Kabla hajaenda Arabuni kufanya kazi za nyumbani, Pascaline alikuwa fundi anayejulikana mtaa mzima. Hakuwa na duka wala kibao mlangoni. Alikuwa na samaki. Kila shuka na kila foronya iliyotoka mikononi mwake ilikuwa na ndagala, dagaa mdogo wa ziwani, wa uzi wa buluu pembeni, kwa sababu alizaliwa Kajaga, kando ya ziwa, katika nyumba ya wavuvi. Wanawake wakienda harusini waliinua pembe ya shuka la bibi harusi, wakamwona ndagala, wakasema, "Hii ni mukono wa Pascaline." Wiki iliyofuata walikuwa mlangoni kwake.

Sasa mama alikuwa mbali. Alikuwa akipiga simu siku ya Ijumaa tu, tena ile Ijumaa ambayo mwajiri wake amemruhusu. Joëlla alikuwa na hamu naye sana, hata harufu ya nyuzi mpya ilimtoa machozi.

Na kazi yake mwenyewe? Hakuna aliyeitaka. Wapita njia walitazama kitambaa chake, wakauliza, "Mama yako anarudi lini? Tutamungojea."

"Usivunjike moyo," Odette alimwambia. "Mutu anayejifanyia kazi hana patroni wa kumutuma, ana jina tu. Jina ndiyo duka lake. We shona vizuri, piga foto, tuweke kwenye watsapu yangu. Watu watakujua polepole."

Polepole! Neno hilo lilimkera Joëlla. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na umri huo haupendi kungoja.

Siku moja alikuwa anamaliza foronya ya maua mekundu. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye uzi wa buluu, akashona ndagala pembeni. Alipomtazama, aliona kama mama yuko chumba cha pili na sasa hivi atamwita. Moyo ukatulia. Akapiga picha kwa simu ya Odette, akaiweka watsapu. Odette aliiona, akadhani mtoto anamkumbuka mama yake tu, akaendelea na shughuli zake.

Kesho yake alifika Mama Dévote, muuza vitenge wa mtaa huo.

"Nimeona samaki! Pascaline amerudi?"

Joëlla alifungua mdomo aseme hapana. Kisha akaona jinsi macho ya Mama Dévote yalivyong'aa. Akatabasamu, akanyamaza.

"Aa, anapumzika. Safari ni ndefu," Mama Dévote akajijibu mwenyewe. "Basi mwambie nataka mashuka ya harusi ya binti yangu Chanelle. Aandike majina ya maharusi: Chanelle na Bonfils. Na asisahau samaki."

Joëlla alishona kila alipotoka shuleni, na mashuka yakatoka mazuri kweli. Wateja wengine wakaja. Odette, ambaye wateja walipokuja alikuwa kwenye vocha zake, alifurahi, akidhani watu wameanza kumpenda fundi mdogo. Lakini kila mteja aliyeinua pembe alisema "mukono wa Pascaline", na kila mara Joëlla alifurahi kwanza, halafu akaumia. Hakuna aliyesema mkono wa Joëlla.

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Joëlla ilitoka Kajaga ikaishia Bwiza.

Jumapili moja alasiri, yeye na Odette walisikia sauti uani. "Pascaline! Pascaline weee!"

Alikuwa bibi yake, mama wa Odette na Pascaline. Amevaa kitenge cha kwendea kanisani, amebeba kikapu cha ndagala wakavu, jasho linamtiririka. Bila kungoja salamu aliingia ndani, akafunua pazia la chumba, akatazama kitanda. Akatoka nyuma, akachungulia jikoni. Aliporudi bado alikuwa anatabasamu.

"Iko wapi mutoto wangu? Ameenda soko?"

"Mama," Odette akasema kwa mshangao, "nani amekuambia Pascaline amerudi?"

"Macho yangu! Bonfils si mutoto wa jirani yangu? Jana ilikuwa harusi yake. Tumemutandikia kitanda, nikaona samaki, na jina la bibi harusi iko pale. Shuka ya zamani itakuwaje na jina la harusi ya jana? Nikasema, mutoto amerudi, anaogopa kuniambia kwa sababu amerudi mikono mitupu. Ndiyo nimemuletea ndagala, ajue kama mi sitaki kitu kingine. Namutaka yeye."

Joëlla angeweza kusema kwamba mama alipita akaondoka tena. Uongo huo ulimfika hadi kwenye ulimi. Akatazama kikapu cha ndagala, akapiga magoti.

"Bibi, ni mimi. Mi ndiye nilishona samaki. Mama hajarudi."

Tabasamu la bibi liliondoka. Alikaa kwenye mkeka, akavua ndala zake taratibu.

"Tangu Kajaga mpaka hapa nilikuwa naongea naye kwa roho," alisema. "Nilikuwa nimeshamuambia mambo mengi." Akalia. Joëlla naye akalia, na Odette hakujua amshike yupi.

"Kwa nini ulifanya hivi?" bibi akauliza baadaye.

"Watu hawataki kazi yangu, wanataka ya mama. Na nikiona samaki, naona kama yuko hapa."

Bibi alimvuta kifuani. "Hamu hiyo hata mi niko nayo, mujukuu wangu."

"Kesho utaenda kumwambia Mama Dévote ukweli," Odette akasema.

"Apana, leo," bibi akajibu, akitafuta ndala zake. "Jambo kama hili likilala, linaoza kuliko samaki."

Mama Dévote alikasirika. "Mi nimetangazia Bwiza yote kwamba Pascaline amerudi! Sasa muongo nitakuwa mi?" Kisha akamtazama Joëlla vizuri. "Yale mashuka ulishona we?"

"Ndiyo, mama."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Unisamehe."

Mama Dévote akasema, "Niletee foronya moja yenye alama yako mwenyewe. Nikiipenda, tutaongea."

Njiani Joëlla alilalamika, "Alama gani? Mimi sikuzaliwa ziwani."

"We ni wa maharagwe," Odette akamtania, na bibi akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Utani huo Joëlla hakuuacha upite. Alichukua uzi mwekundu, akashona punje ya haragwe pembeni mwa foronya, na juu yake chipukizi la kijani. Odette akapiga picha, akamtumia Pascaline. Wateja wengine waliposikia ukweli hawakurudi tena. Lakini Mama Dévote alipoletewa foronya aliipenda, akarudi na jirani yake.

Bibi alikuwa amekuja tena kuwatembelea Ijumaa moja simu ilipolia.

"Nimeona foto," sauti ya Pascaline ilisema kutoka mbali. "Haka kaharage ka pembeni ni ka nani?"

"Kangu, mama."

"Ni mukono muzuri. Na samaki yangu umeiweka wapi?"

"Inakungojea wewe," Joëlla akasema.

Simu ilipokatika, bibi alimshika mkono. "Unaona? Jina la mutu ni jasho lake. Ukivaa la mwenzako, hata la mama yako, watu watakuja kumutafuta yeye, na we utakuwa hauonekani. Jenga la kwako, hata kama ni polepole. Siku mama yako atakapoingia kwa mlango huu, akute mutu."

Joëlla alikunja uzi wa buluu, akauweka ndani ya kopo la mama yake, akafunika. Kisha akachukua ule mwekundu.