Kombe la Hamdi

Harufu ya pwani iliingia nyumbani kwa Safiyo Jumatatu saa sita mchana, na Garissa haina bahari. Jirani yake Osob alisema ni maji machafu ya mtaro. Maneno ya kujifariji hayo.

Safiyo aliijua sababu. Bintiye Hamdi, wa miaka saba, alikuwa na homa iliyowashinda madaktari. Mfamaji haachi kutapatapa: alimpigia simu mwalimu mmoja wa Lamu aliyesifiwa kwa dua, naye akamwambia, "Mnyweshe kombe siku saba." Angesema tahliil, neno la kila Msomali kwa maji ya dua, mambo yangeishia hapo. Lakini kombe! Kwa Kiswahili chake cha sokoni Safiyo alilijua moja tu, ganda la chaza mkubwa wa baharini. Akaenda kwa mchuuzi wa vitu vya pwani.

"Nibe kombe kubwa. Ya dawa."

"Nyama yake tulishakula, mama. Ganda hili watu huchotea samli. Ila ni upande mmoja, mwenzake sijui aliko."

Hamdi akanyweshwa maji humo. Siku ya tatu homa ilishuka, Safiyo akalia kwa furaha. Siku ya nne maziwa ya ngamia yakageuka chumvi, na ile harufu ikaja. Siku ya saba, jua la utosi, Safiyo alisikia mawimbi yakipiga ndani ya chumba, akakimbilia huko, akamkuta Hamdi ameketi wima juu ya godoro lililorowa, meno yameumana kama kombe lililojifunga, na nyuma ya meno yale, midomo haitikisiki, sauti ya mwanamke mzima ikisema polepole kwamba imemtafuta mwenzake miaka mingi na sasa imempata.

"Audhubillahi," alinong'ona Safiyo. "Hamdi, fungua mdomo."

Alipopigiwa simu tena, mwalimu wa Lamu alifika kwa basi kesho yake. Alipoliona ganda, alikaa chini.

"Mama, kombe ni aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa, mgonjwa akanywa yale maji. Wewe umemnywesha kwenye nyumba ya mtu."

"Mtoe tu, mwalimu. Nirudishie mtoto."

Alisoma tangu asubuhi hadi alasiri. Jini akapiga ukelele, ganda likapasuka, harufu ikakatika, na meno ya Hamdi yakaachana. Safiyo akamkumbatia akimwita kwa Kisomali majina yote ya uchanga wake. Mtoto akajitoa mikononi mwake kwa adabu, akamgeukia mwalimu, akauliza kwa Kiswahili laini cha pwani ambacho hakuna aliyemfundisha:

"Mwalimu, mama huyu anamlilia nani?"

Safari hii Safiyo alielewa kila neno.