Kiti Kilicholowa

Kiti cha Tom kilikuwa kimelowa. Ilikuwa saa mbili asubuhi, Oktoba 1997, katika ofisi ya mradi wa kupima mto, Garsen. Mlango ulikuwa na kufuli, na mvua ilikuwa haijaanza. Kiti kilinuka tope la mtoni.

Tom alikipangusa, akawasha kompyuta. Alikuwa anajenga kompaila, programu ya kugeuza maagizo yake yawe lugha ya kifaa kidogo kilichofungwa mtoni karibu na Kulesa. Maji yakifika sentimita mia tatu, kifaa kingepiga king'ora. Dada yake, Asenath, aliishi Kulesa, ukingoni kabisa.

Ujenzi wa programu ulikuwa umekwama: aina za namba hazilingani. Faili moja lilisema kina cha maji ni namba kubwa. Mengine arobaini yalisema ni namba ndogo, ambayo ikipita 255 hurudi sifuri. Jana yake Tom alikuwa amelibadilisha lile moja, kosa likaisha. Sasa neno "kubwa" lilikuwa limerudi.

Alilibadilisha tena. Kesho yake kiti kililowa, neno likarudi.

"Mukhtar, umegusa mashine?" alimuuliza mlinzi.

"Mimi mtu wa ng'ombe, bwana. Hata kuizima sijui." Mukhtar alishusha sauti. "Hilo ni jini la mto. Na kazi yako linaijua kukushinda."

Asenath alikuja na ndizi, akavua ndala mlangoni. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na vidole vinne. Kimoja kilikatwa na jembe.

"Kaka, Mukhtar kaniambia. Hilo jini linataka nini?"

"Namba kubwa."

"Si uiweke?"

"Ni mafaili arobaini, Asenath. Wakubwa wanakuja Ijumaa. Nitarekebisha baadaye."

Alhamisi Tom alimleta mganga, Dama wa Tarasaa. Dama alifunga madirisha, akachoma ubani, na moshi ulipojaa chumba kiti kikaanza kutiririka maji, kwanza matone, kisha mchirizi uliopita kati ya miguu yao ukienda mlangoni polepole, na nyuma yake ikasikika sauti ya mtu anayejizuia kulia.

"Limetoka," Dama alinong'ona. "Mengine hutukana yakitoka. Hili limelia."

Neno halikurudi tena, na Ijumaa wakubwa wa mradi walipiga makofi. Kazi nyingine zikaja.

Novemba mto ulifurika. Kwenye skrini Tom aliona 254, 255, halafu 0, 1, 2.

"Mto unashuka, bwana?" Mukhtar aliuliza.

Tom alikuwa ameshakimbilia nje. Barabara ya Kulesa ilikuwa maji matupu. King'ora hakikulia. Asenath alizikwa baada ya siku sita, alipopatikana.

Januari Tom alifungua kufuli, akasimama. Nyayo za tope zilitoka mlangoni hadi kwenye kiti. Za kushoto zilikuwa na vidole vinne. Kiti kilikuwa kimelowa, na kwenye skrini neno lilikuwa limerudi: kubwa.

Tom hakupangusa kitu. Alikaa kwenye maji, akafungua faili la kwanza kati ya yale arobaini.