Wavu wa Chumba cha Mtoto

Tundu lilikuwa dogo, la kupita ngumi ya mtoto, na lilikuwa kwenye wavu wa dirisha la jikoni. Mwenye nyumba aliliona asubuhi, mswaki ungali mdomoni, akasimama mbele yake kama mtu aliyetukanwa.

Jana yake tu aliushusha wavu huo. Kila mwisho wa mwezi alizishusha nyavu zote za nyumba pamoja na fremu zake, akazilaza uani, akazisugua kwa brashi na sabuni, akazisuuza, akaziegemeza ukutani zikauke. Palipolegea alikaza. Palipotoboka alishona. Safari hii kulikuwa na mawingu, zikachelewa kukauka, nyumba ikakaa wazi mpaka jua likazama. Alizirudisha mbiombio, akihema, akizungusha bisibisi kwa kupapasa.

Mtaani walimwita Bwana Wavu. Hakukasirika. Mwaka uliopita alimzika mwanawe wa mwisho, mtoto aliyekuwa bado ananyonya, kwa homa ya mbu. Alibakiwa na mmoja, binti wa miaka sita aliyeitwa Chiriku kwa jinsi alivyopenda kusema, na alikuwa ameapa kwamba mbu hataigusa ngozi ile.

"Panya," alisema, akatema povu.

Mkewe alisogea, akapitisha kidole ukingoni mwa tundu. "Panya wa wapi huyu, Baba Chiriku? Tazama nyaya. Hizi zimepinda kwa ndani, hizi zimepinda kwa nje. Panya gani anaingia na kutoka kwa wakati mmoja?"

"Basi ni wawili."

"Eee, wamekutana hapo wakasalimiana."

Alicheka peke yake. Mumewe alikuwa ameshafuata koleo. Alikata kipande cha wavu, akachomoa nyaya za ukingoni hadi ncha zikabaki kama meno ya kitana, akazipenyeza kuzunguka tundu, akazikunja upande wa pili. Kiraka kilikaa vizuri. Lakini vidole vyake vilibaki na harufu, na aliponawa harufu haikutoka: maziwa yaliyochacha na majivu yaliyomwagiwa maji.

Kesho yake kiraka kilikuwa sakafuni. Dirisha la sebuleni nalo lilikuwa na tundu.

Alishona. Viraka vikachanwa. Akashona.

Sauti zilianza magharibi, saa ambayo nyumba nzima hufungwa. Krrr. Ukucha juu ya waya, kwa nje, taratibu, dirisha hadi dirisha, kama mtu anayezunguka nyumba akitafuta pa kuingilia. Kisha juu, nyuma ya mbao za dari, kitu kidogo kikajibu kwa haraka: krrr, krrr, krrr.

"Wanaitana," Chiriku alisema, kijiko mkononi.

"Kula."

"Huyu wa nje mkubwa. Wa ndani analia, baba, ila hajui kulia kama sisi."

"Nimesema kula!"

Usiku huo mkewe aliamka kwa uzito kifuani, na hakuogopa, kwa sababu uzito ule aliujua, ulikuwa uzito wa kichwa cha mtoto kwenye mkono wake wa kushoto, na joto lile lile, na pumzi ile ile ya haraka haraka, na kabla hajakumbuka kwamba mwanawe yuko chini ya udongo alikuwa ameshakikumbatia, ameshakisogeza, na ndipo meno yakazama.

Alipiga yowe lililomwamsha jirani. Mumewe alikishika kitu hicho gizani, kikiwa kimelowa na chembamba, akakivuta, kikaja na kipande cha nguo na kipande cha ngozi. Akakitupa ukutani. Kilianguka pamoja na kioo cha ukutani, kikapanda juu kwa kucha, kikapotea kwenye pembe ya dari iliyobanduka. Taa ilipowaka, kifua cha mkewe kilikuwa kinachuruzika damu. Alama ilikuwa duara dogo, upana wa mdomo wa mtoto wa kunyonya. Lakini hakuna mtoto wa kunyonya mwenye meno mengi kiasi kile.

Mchana Bwana Wavu alinunua wavu mpya, akaufunga juu ya ule wa zamani, tabaka mbili kila dirisha, tabaka mbili mlangoni. Magharibi alisimama nyuma ya mlango wa wavu na bisibisi mkononi.

Uso ulikuja ukajibonyeza. Ulikuwa mpana, hauna nyusi, na kila waya ulipougusa ngozi ilifuka moshi mwembamba, na bado ulisukuma, ukasukuma, macho yakimpita mwanamume huyo na kutazama dari. Akachoma. Bisibisi ilipenya mpaka mpini. Akachomoa, akachoma tena, akitoa matusi ambayo hajawahi kuyatamka mbele ya mtoto, na kiumbe hakikulia kwa maumivu, kililia kama mtu aliyenyimwa kitu chake.

Kisha mkono ukapasua tabaka zote mbili, mkono mrefu wenye kiwiko kimoja zaidi, ukampita baba, ukamfikia Chiriku aliyekuwa amesimama nyuma akitazama, ukamshika nywele na kumburuta hadi kwenye tundu, ukawa unamvuta nje kwa pengo lisilotosha hata kichwa chake, nyaya zikimkata bega, zikimkata sikio, huku mama akivuta miguu, baba akiung'ata mkono ule kwa meno yake mwenyewe mpaka ukafumbua vidole. Walianguka wote watatu. Chiriku alishika sikio lake, damu ikipita kati ya vidole.

Mganga alikuja asubuhi, mwanamke wa makamo, kofia ya pikipiki kwapani, sauti ya muuza samaki. Alizunguka nyumba. Alitazama matundu. Aliomba kuiona alama kifuani mwa mke, akaguna.

"Mara ya mwisho nyumba hii kukaa wazi kote magharibi ni lini?"

"Siku niliyosafisha nyavu," alisema Bwana Wavu. "Zilichelewa kukauka."

"Basi walipita. Hawa hupita tu, hata hawana haja na nyinyi. Mama katangulia, mtoto kabaki nyuma anashangaa vyombo vyenu, wewe ukafunga. Waya huu ni chuma, na chuma kwao ni moto. Huingia na kutoka magharibi pekee, na magharibi ndiyo saa yenu ya kufunga." Alimtazama juu hadi chini. "Umemfungia mtu mwanawe, ukamchoma na bisibisi, halafu unaniita mimi nimfukuze? Wa kufukuzwa ni wewe, baba."

"Nifanye nini?"

"Ng'oa nyavu. Zote. Fungua milango yote. Jua likizama, kaeni pembeni, msipumue kwa nguvu. Atamfuata mwanawe, watakwenda."

"Zote? Na mbu?"

Mkewe aligeuka. "Mbu?" Sauti yake ilikuwa ya chini mno. "Hiki hapa kifuani ni cha mbu? Sikio la mtoto limekatwa na mbu?"

"Mmoja nimeshamzika, Mama Chiriku."

"Tumemzika. Mimi ndiye niliyebaki na maziwa yanamwagika na hakuna wa kuyanywa. Leta hiyo bisibisi."

Waling'oa pamoja. Fremu zilirundikana uani. Jua lilipoanza kuinama, Bwana Wavu alisema amempeleka Chiriku kwa jirani, fundi cherehani, akalale huko. Mkewe alishusha pumzi. Mganga akawakalisha sebuleni, migongo ukutani, mlango wa mbele wazi.

Kiumbe kiliingia kikiwa kimeinama. Harufu ilijaza chumba mpaka macho yakatoa machozi. Upande mmoja wa uso ulikuwa umelegea, unatiririka kitu cheusi. Hakikuwatazama. Kilipita ukumbini kikiita, krrr, krrr, kikasimama mbele ya chumba cha mtoto, na kutoka ndani kikajibiwa.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la chuma.

Na ndani, sauti nyingine ikaita: "Baba, kimeshuka. Kiko kitandani."

Mkewe alimgeukia. Alimsoma usoni. Bwana Wavu alikuwa amebakiza wavu mmoja. Mikono yake ilikataa kuung'oa ule tu, ule wa dirisha ambalo mwaka uliopita liliachwa na tundu lililoingiza mbu, na kwa kuwa ndicho chumba pekee kilichobaki salama, ndimo alimomfungia binti yake.

Yule mama kiumbe alishika komeo, likamwunguza, akalia, akageuka. Mganga aliinuka na kuinua mkono, akarushwa juu ya meza, mfupa ukasikika ukivunjika. Mke alikimbilia komeo, akanaswa shingoni, akabamizwa mlangoni, mara moja, mara mbili, kama mtu anayebisha hodi kwa kichwa cha mwenzake, na ndani Chiriku alikuwa sasa anapiga kelele kwa sababu meno yamempata, na Bwana Wavu akatoka mbio, akazunguka nyumba, akafika dirishani, na hakuwa na bisibisi, hakuwa na koleo, alikuwa na vidole tu, akaviingiza kwenye wavu alioukaza mwenyewe, tabaka mbili, skrubu hazitikisiki, akavuta, waya ukala nyama, akavuta, ukafika kwenye mfupa, akaweka meno, akaweka mguu ukutani, akavuta mpaka kucha mbili zikabaki kwenye waya na wavu ukaachia kwa sauti ya shuka linalochanwa.

Kitu kilowevu kilimpanda usoni, kikamkanyaga bega, kikaruka. Nyuma yake, kutoka mlango wa mbele, miguu mikubwa ilishuka uani. Hakugeuka. Alisikia krrr moja, ndefu, nyororo. Kisha alisikia mkewe akikohoa ndani, yu hai, na Chiriku akilia kama binadamu.

Walilala wote chumba kimoja, kama kulala kulikuwepo. Mganga alikuwa kochini, mkono umefungwa kwa ubao, akiguna. Mke alikuwa na shingo nyeusi na alimgeuzia mumewe mgongo. Chiriku alilala katikati, mguu umefungwa kitambaa, homa ya woga ikimtetemesha. Madirisha yalikuwa mashimo matupu, na mbu waliingia kwa wingi, wakiimba.

Bwana Wavu hakuweza kuwapiga. Mikono yake ilikuwa mafundo mawili ya shuka lenye damu. Akainama juu ya binti yake, akawa anampuliza. Usoni, mbu akaruka. Shingoni. Kwenye sikio lililokatwa. Usoni tena. Alipuliza mpaka kichwa kikazunguka, akapumzika kidogo, akasikia, akashika pumzi ili asikie vizuri.

Nje, chini kabisa ya dirisha, karibu kiasi cha kuweza kuguswa, kuna aliyekuwa amekaa anasubiri magharibi nyingine aendelee na safari. Naye alikuwa anampuliza mwanawe.